Umeme Kwanza, Sindano Baadaye: Ushauri kwa Anayegeuza Pikipiki Kuukuu Kakamega

Wanaouliza kuhusu jambo hili ni watu wa namna mbili. Kuna kijana aliyepata Honda XL125 au CG125 iliyotumikia ofisi ya kilimo au parokia kwa miaka mingi na sasa imeegemezwa ukutani ikiota kutu. Na kuna fundi wa jua kali aliyekwisha kufungua injini za bodaboda za kila aina, anayetaka kazi itakayompima. Wote wanataka kuivua pikipiki kila kisichohitajika na kuipa umbo la kafe resa, kama zile za vijana wa London waliokuwa wakikutana Ace Cafe miaka ya 1960: usukani mfupi ulio chini, kiti cha mtu mmoja chenye nundu nyuma, vikanyagio vilivyosogezwa nyuma. Kisha wanataka kuondoa kabureta na kuweka sindano ya petroli inayoongozwa na kompyuta. Na karibu wote huanza kwa kuuliza wanunue injekta gani.

Nawasihi waliache swali hilo kwa sasa. Injekta ni kitu kidogo kinachopatikana, na kikiharibika hubadilishwa. Kinachoamua kama pikipiki yako itakurudisha nyumbani kutoka Kisumu ni steta inayozalisha umeme, regileta inayoudhibiti, betri na nyaya. Sindano ni kazi ya umeme kabla ya kuwa kazi ya petroli, na anayeanzia kwenye petroli huishia kusukuma pikipiki.

Tazama kwanza injini uliyo nayo

Ikiwa ni ya mipigo miwili, kama Yamaha AG100 au DT125 ambazo zilitumika sana na maofisa wa nyanjani, usiguse kabureta. Injini hiyo hupitisha hewa na petroli kwenye krenki, hutegemea mawimbi ya ekzosi kujaza silinda, na mahitaji yake ya petroli hurukaruka kwa namna ambayo kompyuta ya bei nafuu haiwezi kuifuata. KTM ya Austria, kampuni inayoishi kwa injini hizo, ilizindua pikipiki zake za enduro za mipigo miwili zenye sindano mwaka 2017 tu. Ipe AG100 umbo la kafe resa ukipenda, isafishe kabureta, uendeshe.

Injini ya mipigo minne ndiyo inayofaa, na kwa mtu wa Kakamega CG125 ina faida kubwa kuliko zote. Honda waliitoa mwaka 1976, ikiwa na silinda moja na fimbo za kusukuma valvu, na viwanda vya China vimeinakili kwa miongo kadhaa. Bodaboda nyingi za Kichina zinazopita Lurambi zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo steta, regileta, koili, gasketi na hata silinda nzima utavipata katika maduka ya spea ya bodaboda bila kuagiza kutoka ng'ambo. XL125 na Suzuki GN125 pia ni injini nzuri, lakini kabla ya kununua sehemu kwa ajili yake, peleka ile ya zamani dukani uzilinganishe mkononi.

Kwa nini voltimita ndiyo hakimu

Kila mwendesha bodaboda mwenye uzoefu anajua kwamba pikipiki ambayo CDI yake (kifaa cha kuwashia cheche) hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye steta huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, au haipo kabisa. Kabureta haihitaji umeme. Petroli hushuka kwa uzito wake. Siku utakayoweka sindano, uhuru huo unakwisha. Pampu inapaswa kuijaza njia ya petroli hadi shinikizo la kilopaskali 300 hivi kabla ya injekta kunyunyiza vizuri, na kompyuta inapaswa kubaki macho wakati wote. Volti zikishuka hadi 9 au 10 unapopiga kiki, hakuna litakalotokea hata mguu uchoke.

Hatari ya pili haionekani kwa macho, na ndiyo kiini cha hoja yangu. Injekta ni valvu ya sumaku. Ikipewa umeme haifunguki papo hapo: huchukua takriban milisekunde moja umeme ukiwa volti 14, na muda huo hurefuka kadiri volti zinavyopungua. Injini ndogo ikiwa inanguruma taratibu, amri nzima ya kompyuta inaweza kuwa milisekunde mbili tu. Nusu ya amri huishia katika kufunguka, na nusu iliyobaki ndiyo petroli. Sasa washa taa, shika breki, volti zishuke hadi 12. Kufunguka kukila robo ya milisekunde zaidi, umepoteza karibu robo ya petroli bila kugusa chochote. Injini inakohoa na kuzima kwenye makutano. Kompyuta nzuri ina jedwali la kusahihisha upungufu huo, lakini jedwali hilo husaidia tu pale volti zinapopanda na kushuka kidogo, si zinapoyumba kila unapogusa swichi.

Ukiwa na mzigo, mwiba uko kwenye pampu. Ukipanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa ukiwa umefungua hewa yote, injekta hubaki wazi kwa muda mrefu na robo ya milisekunde si kitu. Lakini pampu isiyopata umeme wa kutosha huzunguka polepole, shinikizo linaanguka, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko petroli, na joto la kichwa cha silinda linapanda. Injini yenye redieta ina maji ya kubeba joto hilo kwa muda. Yako ina mapezi ya aluminiamu na upepo, na juu ya kilima mwendo ni mdogo na upepo pia. Pistoni hutobolewa hivyo.

Hesabu ya wati

Andika kwenye karatasi kila kitakachokula umeme pikipiki ikiwa safarini:

- pampu ya petroli: wati 30 hadi 50
- kompyuta pamoja na injekta: 10 hadi 15
- koili ya cheche: 10 hadi 20
- hita ya sensa ya oksijeni: kama 10
- taa ya mbele ya balbu: 35
- taa ya nyuma: 5, na 21 zaidi ukishika breki

Jumla ni kati ya wati 100 na 150 na ushei. Steta nyingi za zamani za pikipiki ndogo zilitengenezwa kuwasha taa na kuchaji betri ndogo taratibu, basi. Nyingine ni za volti 6, na hizo hazina mjadala: lazima zibadilishwe. Hata zile za volti 12 mara nyingi huchaji kwa nusu tu ya wimbi, kwa sababu ncha moja ya koili imefungwa kwenye bodi ya injini. Fundi anayejua kazi huifungua ncha hiyo kutoka kwenye bodi, huitoa nje kwa waya wake wenyewe, na kufunga regileta ya wimbi zima. Ukiongeza steta yenye koili nyingi zaidi kutoka duka la bodaboda, na taa ya mbele ya LED ya wati 12 hivi badala ya balbu ya 35, hesabu inaanza kukaa sawa.

Kuna kipimo ambacho nakisisitiza kwa kila mtu, kwa kuwa hakigharimu karibu chochote. Pikipiki ikiwa bado ina kabureta yake, funga balbu ya gari ya wati 55 moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Balbu hiyo inaigiza pampu na kompyuta. Washa taa zote, endesha nusu saa mjini na nusu saa barabara kuu, kisha pima betri injini ikiwa hai. Katika mizunguko 4,000 kwa dakika unataka volti 13.8 hadi 14.5. Injini ikinguruma taratibu taa zikiwa zimewaka, zisishuke chini ya 12.8. Pikipiki ikishindwa kipimo hicho, bado haijawa tayari kwa sindano, hata kama injekta imeshafika kwa basi kutoka Nairobi.

Mpangilio wa kazi

1. Injini yenyewe: kompresheni, nafasi za valvu, uvujaji wa oili, mpira wa kuingizia hewa usiwe na ufa. Kompyuta haitibu pete za pistoni zilizokwisha.
2. Umeme wote upya: steta, regileta, betri ya ampea-saa 7 au 9, fyuzi na rele ya pampu, na waya nene wa ardhi kutoka betri hadi kwenye injini, si kwenye fremu iliyopakwa rangi.
3. Umbo la kafe resa, ukiendelea na kabureta.
4. Tangi, chujio na pampu.
5. Bodi ya hewa, injekta, sensa na kompyuta.
6. Kupanga ramani ya petroli.

Hatua ya tatu huwavutia wengi kuliko zote, nami nitaipitia haraka kwa kuwa mafundi wetu wanaiweza. Usikate fremu kabla ya kuamua betri na kompyuta vitakaa wapi. Kiti chembamba kisicho na nafasi chini yake ndicho kinachowalazimisha watu kufunga kompyuta mahali mvua inapopiga. Usikate mbele ya vishikio vya shokabzoba za nyuma. Kitanzi cha nyuma kichomelewe kwa bomba la unene ule ule wa fremu, lenye kipande cha ndani cha kuunganishia, si kugusishwa ncha kwa ncha. Ukishafunga usukani mfupi, uzungushe hadi mwisho pande zote mbili: vidole visibanwe kwenye tangi, na kebo ya kasi isivutwe.

Tangi, petroli na moto

Tangi la zamani lina kutu, na kutu ambayo kabureta iliivumilia itaziba injekta kwa siku chache. Lisafishe kwa siki kali au asidi ya sitriki, suuza kwa maji yenye magadi, kausha kabisa, kisha weka chujio la sindano mbele ya pampu. Pampu ya nje iwe chini ya sakafu ya tangi ili petroli iifikie kwa uzito wake. Haipendi kunyonya hewa. Petroli iliyozidi lazima irudi tangini, na hapo ndipo watu hukimbilia kuchomelea bomba. Tangi lililokaa tupu kwa mwaka mzima bado lina mvuke unaoweza kulipuka. Ni salama zaidi kupitisha njia ya kurudi kwenye bamba la koki lililotengenezwa na mkereza vyuma. Kama lazima uchomelee, osha kwa sabuni na maji ya moto zaidi ya mara moja, kisha lijaze maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea.

Bomba la petroli la plastiki angavu linalouzwa kwa bodaboda halikuundwa kwa kilopaskali 300. Litavimba, litachomoka, na litamwagia petroli injini yenye moto. Nunua la magari ya sindano pamoja na vibano vyake. Na kuhusu petroli yenyewe, acha kununua ya chupa kando ya barabara. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Petroli iliyochanganywa hugonga ndani ya silinda, na sindano iliyopangwa kwa petroli safi haijui kwamba umeilisha kitu kingine.

Sensa, mwinuko na mvua ya Kakamega

Hapa ndipo sindano inapolipa. Mji wa Kakamega uko mita 1,500 na ushei juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni kilopaskali 84 hivi badala ya 101 za Mombasa. Kisumu ni 88 hivi, Eldoret 78. Kabureta yenye jeti iliyopangwa kwa Kisumu itakuwa nzito Eldoret, itapaka plagi masizi na kunywa petroli bure. Kompyuta yenye sensa ya shinikizo husahihisha tofauti hiyo yenyewe, safari nzima.

Lakini silinda moja hunyonya hewa kwa mikupuo, na usomaji wa shinikizo kwenye bomba la kuingizia huruka juu na chini kila mzunguko. Ndiyo maana kwa injini hizi nashauri ramani ifuate nafasi ya kilango cha hewa na mizunguko ya injini, huku sensa ya shinikizo ikitumika kusoma hewa ya nje kwa ajili ya mwinuko. Kompyuta kama MicroSquirt au Speeduino huiwezesha njia hiyo. Kwa kuwa huna maji ya kupoza, sensa ya joto iwekwe kwenye kichwa cha silinda karibu na boliti, au ndani ya oili. Chini ya plagi kabisa joto huweza kuizidi nguvu sensa ya kawaida ya gari.

Ukubwa wa injekta sasa una maana. Injini ya 125 inayotoa nguvu farasi 11 hivi hunywa kama mililita 60 kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote, kwa hiyo injekta ya mililita 80 hadi 120 inatosha. Ile ya gari dogo hupitisha mara mbili au zaidi, na kwenye mngurumo wa chini haiwezi kutoa tone dogo la kutosha. India ilipoleta kanuni za moshi za BS6 mwezi Aprili 2020, pikipiki nyingi mno za 125 na 150 zilihamia sindano, na bodi zao za hewa za milimita 26 hadi 28 pamoja na injekta ndizo saizi yako.

Mvua, nayo, haina huruma hapa. Kila kiunganishi kiwe cha aina yenye mpira wa kuzuia maji na kielekee chini, na waya uinuke kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Kichujio cha hewa cha koni kinachoachwa wazi hupendeza, ila hunywa matope na vumbi la murram. Weka sanduku dogo la hewa hata kama linaharibu mstari wa macho.

Makosa yanayojirudia

- Kuchomelea meno ya sensa ya krenki kwenye flaiwili kwa macho tu. Flaiwili isiyo na uwiano hula beringi, na jino likiruka linaweza kumjeruhi mtu. Tafuta flaiwili ya injini ya jamii hiyo hiyo iliyotengenezwa kwa sindano, ulinganishe koni na steta, au peleka kazi kwa mwenye mashine ya kukereza. Idara za ufundi za Sigalagala National Polytechnic ni mahali pa kuulizia.
- Kupanga ramani kwa sikio na rangi ya plagi. Chomelea kishikio kwenye ekzosi, azima sensa ya oksijeni ya masafa mapana, panga, kisha iondoe na uzibe. Unatafuta uwiano wa karibu 13 kwa 1 ukiwa na mzigo, na hadi 14.7 kwa 1 ukitembea taratibu.
- Kupanda kilima kirefu siku ya kwanza. Anza na petroli iliyozidi kidogo, upunguze hatua kwa hatua. Kinyume chake kinagharimu pistoni.
- Kusahau swichi ya kukata pampu pikipiki ikianguka.

Mapingamizi ninayoyajua

Wapo wanaosema injini ya kupozwa kwa hewa haikuumbiwa sindano. Kawasaki iliuza GPz1100 ya kupozwa kwa hewa yenye sindano mwaka 1981. Triumph waliiwekea Bonneville yao ya hewa sindano mwaka 2008, wakaificha ndani ya maumbo yanayofanana na kabureta ili wapenzi wa zamani wasichukie. Hewa si kizuizi.

Wengine wanadai itapunguza gharama ya petroli. Itapunguza kidogo, lakini injini ya 125 tayari hula kidogo mno hata akiba hiyo isirudishe bei ya kompyuta. Anayeifanya kwa sababu hiyo peke yake asiifanye. Sababu za kweli ni kuwaka vizuri asubuhi ya baridi, kutojali mwinuko, na ujuzi wenyewe, ambao fundi wa Kakamega atauhitaji pikipiki za kabureta zitakapokwisha sokoni.

Pingamizi lenye uzito ni lile la njiani: ikikwama Mumias usiku, nani ataitengeneza? Jibu ni kutokata chochote cha zamani. Hifadhi kabureta, mpira wake na CDI, na acha nyaya zake mahali pake zikiwa zimefungwa, ili fundi yeyote aweze kuirudisha ilivyokuwa kwa saa chache. Ubadilishaji usioweza kurudishwa nyuma haumfai mtu anayeitegemea pikipiki kwenda kazini.

Karatasi

Logbook inataja namba ya fremu, namba ya injini na rangi. Ukibadilisha injini au rangi, wasilisha mabadiliko kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na upeleke pikipiki ikaguliwe, usisubiri kizuizi cha polisi. Usisage namba ya fremu wakati wa kusafisha kutu. Taa, vioo, honi na bima vibaki. Na kama umeondoa kiti cha abiria na vikanyagio vyake, usibebe abiria.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Una injini ya mipigo minne iliyo nzima, imepita kipimo cha balbu, na umepata sensa ya masafa mapana ya kuazima? Endelea na sindano bila woga. Kimojawapo kikikosekana, tumia pesa hizo kwenye steta, breki na matairi, panga jeti ya kabureta kwa mwinuko wa Kakamega, na uendeshe. Kafe resa yenye kabureta iliyopangwa vizuri ni kafe resa kamili.